Barua kwa Mwanangu: Shati la Rangi ya Machungwa

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka hapa Voi. Sote tu wazima. Umeniandikia kwamba shule ya huko Winnipeg, Kanada, imewataka watoto wavae mashati ya rangi ya machungwa tarehe 30 Septemba, na kwamba mdogo, mwenye miaka mitano, alikuuliza sababu ukakosa jibu. Unauliza umwambie nini yeye, uwaambie nini ndugu zake wa miaka kumi na kumi na sita, na kama mambo hayo yanawahusu hata nyinyi mliohamia juzi tu.

Mdogo msimulie habari ya Phyllis Webstad, mwenye shati lililo asili ya siku hiyo, ambaye mwaka 1973, akiwa na miaka sita, alinunuliwa na nyanya yake shati jipya la rangi hiyo ili aanze nalo shule ya bweni katika jimbo la British Columbia, na siku ya kwanza akavuliwa. Kwake hayo yatosha. Mtoto wa umri huo anaujua uchungu wa kunyang'anywa nguo mpya, lakini habari za makaburi ya wanafunzi waliofia katika shule hizo hazimfai bado. Akiuliza kama alirudishiwa, usimpoze kwa uongo, mwambie hakurudishiwa.

Wa kati anaweza kuambiwa kwamba Phyllis hakuwa peke yake: kwa zaidi ya miaka mia moja, watoto wapatao 150,000 wa wenyeji wa asili wa Kanada, yaani Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis, walipelekwa katika shule hizo za serikali ya Kanada na makanisa, wengi wao wakiitwa kwa namba na kuadhibiwa kwa kusema lugha ya mama. Hapo mwambie pia habari ya babu yake, ambayo hata wewe sikuwahi kukueleza. Nilipokuwa mwalimu kijana nilikuwa na kibao chenye kamba, nikimvisha shingoni yeyote niliyemsikia akisema Kidawida darasani, kama mimi nilivyovishwa nilipokuwa mwanafunzi. Siku moja nilimvisha mtoto aliyeomba ruhusa ya kwenda msalani, kwa kuwa Kiingereza chake hakikumtosha kuomba. Alikwenda nacho na kurudi nacho, nami sikuona ubaya. Sidai kwamba mambo haya yanalingana na yale ya Kanada, kwani jioni mtoto yule alirudi kwa mama yake akaongea Kidawida mpaka usingizi ukamchukua, na waliofungiwa bwenini hawakuwa na jioni ya namna hiyo.

Mkubwa usimwanzie na shati. Mwite jikoni, ufungue bomba, umuulize maji hayo yanatoka wapi. Tangu mwaka 1919 Winnipeg imekuwa ikinywa maji ya Shoal Lake, yanayosafiri zaidi ya kilomita 150 hadi mjini, na ujenzi wa mradi huo ndio uliokigeuza kuwa kisiwa kijiji cha Shoal Lake 40, cha Waanishinaabe, mojawapo ya Mataifa ya Kwanza. Jiji likiendelea kunywa maji ya ziwa hilo, wanakijiji wenyewe walitakiwa kuchemsha yao kuanzia mwaka 1997 hadi 2021, na barabara ya kuwaunganisha na nchi kavu ilifunguliwa mwaka 2019. Kijana wa miaka kumi na sita ataona mwenyewe kwamba hizo si habari za kale, kwa sababu mwaka 2019 yeye alikuwa amekwisha kuzaliwa.

Kisha msome pamoja Mkataba wa Kwanza wa mwaka 1871, kati ya serikali na wenyeji wa asili, ambao unahusu ardhi iliyo chini ya nyumba yenu. Kila mtu wa mataifa yaliyoutia saini aliahidiwa malipo ya mwaka, yakapandishwa kuwa dola tano mwaka 1875, na mpaka leo hulipwa dola tano zile zile. Akitaka kujua maridhiano yamefika wapi, achague mmoja kati ya miito 94 ya kuchukua hatua iliyotolewa mwaka 2015 na Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule hizo za bweni, atafute umetekelezwa vipi, naye akuletee jibu mezani. Hilo litamfaa kuliko hotuba yako au yangu.

Kuhusu swali lako la mwisho, ni kweli kwamba hatukutia saini wala hatukuvua mtoto yeyote shati. Lakini chai yenu mnaipika kwa maji ya ziwa lile.

Mama yako anauliza kama shati la mdogo lilimtosha, maana ulisema walibakiza saizi kubwa tu.

Wako akupendaye,
Baba