Kabla hujachora bawa la droni ya kivita, hesabu madumu ya mafuta

Mwaka juzi nilimaliza mchoro wa ndege ya kivita isiyo na rubani kwa ajili ya hadithi yangu ya katuni, inayotokea mwaka 2085 juu ya Bahari ya Hindi. Niliupenda mchoro ule. Ndege ilikuwa nyembamba, pua imechongoka, mabawa yamelala nyuma, na mahali ambapo rubani angekaa nilikuwa nimepaziba kwa bati jeusi linalong'aa. Nikaupeleka kwa jirani yetu hapa Morogoro, mzee aliyekuwa fundi wa ndege miaka mingi kabla ya kustaafu. Nikamwamkia, tukanywa chai, akavaa miwani, akauangalia mchoro kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwanangu, mafuta inaweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaanza kusogeza kidole juu ya karatasi. "Hapa kuna injini. Hapa umesema kuna makombora mawili. Magurudumu yakikunjwa yanaingia hapa. Sasa mafuta?"

Tangu siku ile nimeichora upya ndege hiyo mara kumi na moja, na ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla ya mchoro wa kwanza. Ni kwa ajili yako unayechora katuni, unayetengeneza gemu, au unayeandika riwaya ya miaka ijayo na unataka msomaji aamini kwamba chombo chako kinaruka kweli.

Anza na sentensi moja ya kazi. Usiguse penseli kabla haijakamilika. Yangu ilikuja kuwa hivi: inaruka kutoka pwani, inakwenda kilomita 800 baharini, inazunguka saa mbili ikitafuta meli, inarudi nyumbani. Basi. Kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, hiyo ni saa moja kwenda, mbili za kuzunguka, moja kurudi. Ongeza nusu saa ya akiba, maana uwanja unaweza kufungwa na ukungu. Jumla saa nne na nusu. Nilikadiria injini yangu ya kubuni inakunywa kilo 500 za mafuta kwa saa, hivyo nahitaji kilo 2,250. Mafuta ya ndege yana uzito wa takriban kilo 0.8 kwa lita, kwa hiyo ni kama lita 2,800.

Sasa pima kwa kitu unachokijua. Lita 2,800 ni madumu 140 ya lita 20, yale yale tunayotekea maji. Yapange kichwani mwako sakafuni, halafu jaribu kuyaingiza kwenye kile kisu nilichokuwa nimekichora. Hayaingii hata robo. Kama unatumia Blender, programu ya kompyuta ya kuunda maumbo ya pande tatu, tengeneza boksi la mita moja kila upande. Hilo linabeba lita 1,000. Weka maboksi matatu, weka mcheduara wa injini, weka makombora, weka magurudumu, kisha ndipo uanze kuvalisha ngozi juu yake. Utashangaa jinsi umbo linavyojitokeza lenyewe. Ndege yangu ilinenepa katikati, mabawa yakawa mazito kwenye shina, na kwa mara ya kwanza ilionekana kama kitu ambacho mtu alikijenga kwa sababu.

Ndiyo maana nawashauri wachoraji wasiige ndege ya kivita ya kawaida kisha wafute kioo cha rubani. Rubani akitoka, vinatoka na vitu vingi: kiti cha kujirusha, hewa ya oksijeni, kioo, vioo vya vipimo, ngazi ya kupandia. Lakini vinaingia vingine. Tazama picha ya MQ-9 Reaper ya Marekani. Lile paji la uso lililovimba, ambalo watu wengi hudhani ndimo ulimo ubongo wa ndege, limeficha antena ya dishi inayoangalia satelaiti. Umbo linalotambulika kuliko yote katika droni za zama zetu limetokana na dishi linalohitaji nafasi ya kugeuka. Ukijua hilo, huwezi tena kuchora uvimbe kwa sababu tu unapendeza. Utajiuliza ndani yake mna nini.

Jambo jingine ninaloliona mara kwa mara: droni inayogeuka ghafla angani kama inzi, kwa hoja kwamba hakuna binadamu wa kuzimia. Ni kweli rubani mwenye suti maalumu huhimili mvutano wa kama mara tisa ya uzito wake, tena kwa sekunde chache. Lakini bawa nalo lina kikomo. Ukitaka ligeuke kwa mara 20, lazima uliimarishe, na kila kilo ya chuma unayoiongeza inakula kilo ya mafuta au ya silaha. Ukitaka ndege inayojikunja hivyo, ichore ndogo, ya safari fupi. Yangu ni ya kwenda mbali, nikakubali kwamba itageuka taratibu.

Nije kwenye mkia, maana hapa ndipo nilipopata furaha kubwa. Nilikuwa nataka ndege isiyo na mkia, kama X-47B, droni ya majaribio ya Marekani, iliyotua kwenye meli ya kubebea ndege USS George H.W. Bush mwezi Julai 2013. Ile ina upana wa mita 18.9 na urefu wa mita 11.6 tu: ndefu kama basi moja kubwa, pana kama basi moja na nusu. Haina hata pezi moja la wima, kwa sababu pezi la wima hurudisha mawimbi ya rada kama kioo. Nilielewa kwa nini mkia umeondolewa, ila sikuelewa ndege kama hiyo inajishikaje hewani, na michoro yangu ilionekana kama sahani iliyotupwa.

Jibu nililipata njiani nikielekea Iringa. Basi lilisimama ndani ya Mikumi kupisha tembo, nami nilikuwa dirishani. Juu yetu kulikuwa na pungu. Kama humjui, ni tai mweusi, uso na miguu myekundu, na mkia mfupi mno hata miguu yake huchungulia nyuma yake anaporuka. Hakupiga mabawa hata mara moja. Alikuwa akiyumba: kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto tena, kama mtu anayetembea juu ya kamba na mikono ameinyoosha. Kila alipoyumba, ncha ya bawa moja ilijikunja kidogo kumrudisha. Baadaye nilisoma kwamba kinda la pungu lina mkia mrefu kuliko wazazi wake, nao hufupika kadiri anavyobadilisha manyoya mpaka anakomaa. Ndege anajifunza kuruka akiwa na mkia, kisha anauacha.

Ndege za chuma zisizo na mkia hufanya kazi kwa namna ileile, isipokuwa kompyuta ndiyo inayosahihisha, tena mara nyingi ndani ya kila sekunde. Kwenye B-2, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu isiyo na mkia, kuna mabamba karibu na ncha za mabawa yanayofunguka juu na chini kama mdomo. Bamba la upande mmoja likifunguka, hewa inalikamata, na ndege nzima inageukia upande huo. Hili ni zawadi kwa mchoraji. Chora mdomo wa bamba la kushoto ukiwa wazi, na msomaji atahisi ndege inageuka hata kama hajui kwa nini. Ndege yangu nimeiita Pungu, na kwenye kila picha anayoonekana nimempa mwinamo mdogo.

Tundu la kuingiza hewa nalo linahitaji uamuzi. X-47B, nEUROn ya Ulaya iliyoruka kwa mara ya kwanza Desemba 2012, na Taranis ya Uingereza iliyofuata 2013, zote zimeweka tundu mgongoni, ili rada iliyo chini isiione injini. Gharama yake ni kwamba ukiinua pua sana, mwili wenyewe unaikinga hewa isiingie vizuri. Kwa hiyo ukiweka tundu mgongoni, usichore ndege hiyo ikipanda wima kama roketi. Ukiitaka ipande hivyo, shusha tundu chini na ukubali kuonekana. Ukishaamua kujificha, hakikisha pia kingo zote zinafuata pembe chache zinazorudiwa: ukingo wa bawa, mlango wa silaha, mlango wa magurudumu. Chora mistari sambamba na milango yenye meno ya msumeno. Rangi ni kijivu. Usipoteze wiki nzima hapo kama nilivyopoteza mimi.

Sasa swali ambalo waandishi wengi huliruka: nani anairusha? Kwenye toleo langu la kwanza kijana mmoja alikaa bara jingine akiwa na usukani, akipigana ana kwa ana na ndege ya adui. Nilifanya hesabu nikaifuta sura nzima. Satelaiti za mawasiliano zinazokaa juu ya sehemu moja ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Picha kutoka kwenye ndege inapanda na kushuka karibu kilomita 72,000, nayo hata kwa kasi ya mwanga inachukua robo sekunde. Amri yako inarudi kwa robo nyingine. Nusu sekunde hiyo ni kabla kompyuta hazijaibana picha na kuifungua. Ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa inakata mita 250 kila sekunde, maana yake wakati amri inafika, imeshasogea kupita urefu wa uwanja wa mpira. Ndiyo sababu kwa miaka mingi Reaper zimekuwa zikirushwa na kushushwa na watu walio karibu na uwanja, kisha zikishakuwa juu ndipo wanakabidhiwa walio mbali.

Kwa hiyo ndege yako lazima ijirushe yenyewe kwa sehemu kubwa, na ukishaandika hivyo umejiletea swali zito: nani anaamua kuua? Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lake la kwanza kuhusu silaha zinazojiamulia. Dunia bado inabishana. Mimi sitaki hadithi inayolipita swali hili kimya, kwa hiyo nimeamua kwamba Pungu anatafuta na kufuatilia mwenyewe, lakini kufyatua kunahitaji mtu mwenye jina na cheo, na jina hilo linaandikwa kwenye kumbukumbu. Wewe unaweza kuamua vingine. Muhimu uamue, na uamuzi wako uonekane kwenye chombo: ni antena ngapi, zinaangalia wapi, na mawasiliano yakikatwa ndege inafanya nini. Inarudi? Inazunguka? Inajizamisha? Desemba 2011 Iran ilionyesha kwenye televisheni ndege ya siri ya Marekani, RQ-170, ikiwa karibu nzima. Hadithi nzima inaweza kuzaliwa hapo.

Kuruka na kutua usikusahau. XQ-58A Valkyrie, droni ya Marekani iliyoruka kwanza Machi 2019 huko Arizona, haikuwa na magurudumu. Ilifyatuliwa kutoka kwenye reli kwa msaada wa roketi, ikarudi kwa mwavuli. Ukiondoa magurudumu unapata nafasi ya madumu mengi, lakini lazima uonyeshe watu wanaoiokota porini na kuifuta vumbi.

Na hapo nafika kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Ndege isiyo na rubani imezungukwa na watu. Kuna anayejaza mafuta, anayepakia kombora, anayetazama skrini saa nane mfululizo, na kuna walio chini ya bawa lake. Kila sura ya katuni yangu sasa ina angalau picha moja iliyochorwa kutoka chini: mvuvi kwenye ngalawa, mkono umekinga jua, na juu kabisa alama nyeusi ndogo kama pungu. Kabla ya kuchora picha hiyo sikujua ndege yangu inatisha kiasi gani. Nilikuwa nimeichora kwa macho ya anayeimiliki peke yake. Nakusihi ufanye hivyo mapema, hata kwa penseli ya harakaharaka.

Mchoro wa kumi na moja niliupeleka kwa mzee wiki mbili zilizopita. Safari hii hakuuliza mafuta. Alihesabu mwenyewe nafasi kwenye mabawa, akatikisa kichwa taratibu kukubali. Kisha akataka kujua kilipo kifuniko cha kufikia pampu ya mafuta. Sikuwa nimekichora. Akachukua penseli, akachora mstatili mdogo chini ya shina la bawa la kulia, akapima kwa kuweka ngumi yake kando ya karatasi.

"Mkono wa fundi lazima upite," akasema, "na tochi ipite pamoja nao."

Leo asubuhi nimeanza picha hiyo. Ni usiku, uwanjani, mvua imekatika. Binti fundi amelala chali chini ya bawa, tochi ameishika kwa meno kwa sababu kifuniko nimekifanya kidogo mno, na mkono umezama ndani hadi kiwikoni. Kesho nitakipanua kwa sentimita nne.