Maswali na Majibu: Kadiria Kabla Hujazidisha

Nimezidisha 47 × 36 nikapata 423. Nimekagua kila mstari, sioni kosa. Mbona mwalimu amenikata?

Mistari yako, mmoja mmoja, ni sahihi: 47 × 6 ni 282, na 47 × 3 ni 141. Ila ile 3 imesimama kwenye makumi, kwa hiyo ni 30. Mstari wa pili ulipaswa kuwa 1410, na jumla 1692. Andika sifuri kwenye mamoja kabla hujaanza mstari huo, kila mara, hata ukiona unaujua mchezo.

Lakini kosa kubwa zaidi ni kwamba hukukadiria. 47 inakaribia 50 na 36 inakaribia 40, basi jibu halitakuwa mbali na 2000. Hata 47 × 10 peke yake ni 470! Uliwezaje kuridhika na 423?

Nahakiki kwa kujumlisha tarakimu mpaka ibaki moja. Haitoshi?

Haitoshi. Chukua swali hilo la juu. 47 inabaki 2, 36 inabaki 9. 2 × 9 ni 18, inabaki 9. Jibu sahihi, 1692, nalo linabaki 9. Sasa jaribu 423: 4 + 2 + 3 ni 9! Kosa limepita mlangoni bila kuulizwa. Njia hiyo haioni mstari uliokosa sifuri, wala tarakimu zilizopishana. Ukiandika 1962 itakukubalia vilevile. Itumie, lakini baada ya kukadiria.

5² ni 10?

Ni 25. Ile 2 ndogo inasema 5 × 5, si 5 × 2.

Kwa nini 0.3 × 0.2 isiwe 0.6?

Kwa sababu unatafuta sehemu ya 0.3, na sehemu haiwezi kuizidi namba yenyewe. Jibu ni 0.06. Wanaofundisha watoto kwamba kuzidisha hukuza namba wanawaharibia mapema. Wakifika kwenye desimali wanapotea.

Hasi na hasi ni chanya, sivyo? Basi −4 − 5 ni 9?

Hapo hakuna kuzidisha. −4 × −5 ni 20, lakini −4 − 5 ni −9. Kanuni hiyo iliyokaririwa nusunusu inaangusha wengi. Taja tendo lake kila unapoisema: hasi *mara* hasi.

27 × 4 nimepata 168.

Umejumlisha ile 2 uliyobeba kabla ya kuzidisha. Zidisha kwanza: 2 × 4 ni 8, ongeza 2, ni 10. Jibu ni 108. Na 30 × 4 ni 120 tu. 168 ungeikataa mwenyewe.