Nyumba ikiachwa tupu kipindi cha baridi, kufungua koki tu hakutoshi

Kwa nyumba itakayokaa tupu miezi minne ya baridi ya kugandisha, kama mpango wako ni kufunga valvu kuu ya maji na kuacha koki zote wazi, huo ni mwanzo mzuri, ila hautoshi. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Si lazima bomba zima liwe limejaa ndipo lipasuke. Maji machache yaliyotuama kwenye bomba lililopinda chini, ndani ya valvu au kwenye mikisa ya bafu (koki inayochanganya maji moto na baridi) yanatosha kukuletea hasara.

Anza na hita ya maji, maana ndiyo inayokula muda. Zima swichi yake kwenye bodi ya umeme (kama ni ya gesi, funga gesi) kabla hujagusa maji, kwa sababu elementi (chuma kinachopasha maji) ikiwaka tangi likiwa tupu huungua mara moja. Acha maji yapoe saa kadhaa. Kisha funga valvu kuu, unganisha mpira kwenye koki ya chini ya hita, uelekeze nje, halafu fungua koki ya maji moto iliyo juu kuliko zote ili hewa iingie. Bila hewa kuingia, tangi halimwagi. Mtiririko ukianza kusuasua, usidhani maji yameisha. Mara nyingi chokaa na mchanga vimeziba mdomo wa koki. Gonga tangi kwa kidole: penye maji sauti ni nzito, palipo tupu linalia. Fungua maji ya kuingia sekunde chache yasukume uchafu, funga, endelea.

Sasa fungua koki zote, za moto na za baridi, kuanzia juu kushuka chini, na za nje pia. Mpira wa bustani uchomoe. Ukibaki, unashikilia maji ndani ya koki. Vuta choo, kisha kausha tangi lake kwa sponji.

Hapo wengi huishia, na hapo ndipo mabomba hupasuka. Tumia kompresa, mashine ya kusukuma hewa. Unganisha hewa kwenye koki ya mashine ya kufulia, presha bari 2 hadi 3, usizidishe. Kinachosukuma maji ni wingi wa hewa, kwa hiyo kompresa ndogo ya kujazia matairi haifai kitu. Funga koki zote, kisha fungua moja moja ukianzia ya mbali, hadi itoke hewa tupu. Maliza upande wa baridi, hamia wa moto. Pumzika kidogo, kisha rudia mzunguko mzima, kwa kuwa maji yaliyoshika kuta za bomba huteremka na kukusanyika upya. Bol valvu (zile zenye tufe lenye tundu linalozunguka ndani) ziache nusu wazi: ikifungwa au kufunguliwa kabisa, huficha maji kuzunguka ile tufe ya ndani, na barafu huipasua. Mikisa ya bafu iache katikati, na bomba la mkono la kuogea lining'inie chini.

Kona za chini ya sinki, yaani mabomba ya maji taka yaliyopinda, usizikaushe. Maji yake ndiyo yanayozuia harufu ya maji taka. Ili yasigande, mimina antifrizi (kimiminika cha kuzuia kuganda) ya propilini glaikoli: nusu lita kwa kila sinki, bafu na tundu la sakafuni, lita 1 hadi 2 kwenye beseni la choo baada ya kupunguza maji. Usiichanganye na maji. Ile ya magari, ya ethilini glaikoli, usiiguse kabisa, ni sumu. Mashine za kufulia na za vyombo nazo zina pampu yenye maji: mimina kidogo ndani, washa hatua ya kutoa maji kwa sekunde chache. Usisahau kichujio cha maji na bomba jembamba la friji inayotengeneza barafu.

Kama joto la nyumba linatokana na radieta za maji, hilo ni suala jingine. Mwite fundi, kwa sababu mfumo huo hauishi maji kwa kufungua koki moja. Wengine huacha joto likiwaka nyuzi 12 au 13. Inafanya kazi mpaka umeme ukatike. Hata hivyo funga valvu kuu, ili bomba likipasuka lisimwage usiku na mchana. Soma pia mkataba wa bima, baadhi huweka masharti kwa nyumba isiyo na mtu.

Friji iache wazi, chakula kikavu kitoe, na matundu yanayozunguka mabomba yazibe kwa sufi ya chuma. Panya mdogo hupita penye uwazi wa milimita 6.

Bandika karatasi kwenye hita: MAJI YAMETOLEWA, USIWASHE. Mkirudi, fungeni koki zote, fungueni valvu kuu robo tu, mkague kila chumba, mjaze tangi mpaka koki ya moto itoe maji bila kukohoa hewa, ndipo swichi iwashwe.