Maswali Yenu: Mkatoliki katika kikundi cha walokole

SWALI: Nina miezi mitano bila pombe. Kikundi cha hatua 12 (mpango wa kuacha ulevi hatua kwa hatua) kilicho karibu nami kinakutana kwenye kanisa la kilokole, na mimi ni Mkatoliki. Kiongozi anasema Hatua ya 5 lazima niifanye kwa mdhamini wangu wa kikundi, yaani mwenzangu mzoefu anayenisindikiza; padri hahesabiki. Tena nikisema "mimi ni mlevi" anadai najilaani kwa kinywa changu. Nihame? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Usihame kwanza. Hatua ya 5 inataka ukiri makosa yako kwa Mungu, kwa nafsi yako na kwa binadamu mwingine. Padri ni binadamu mwingine. Kitabu cha Alcoholics Anonymous (AA, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe) cha mwaka 1939, chenye hatua hizo 12, chenyewe kinasema mtu ambaye dhehebu lake lina maungamo aende kwa yule aliyepewa kazi ya kuyapokea. Hapo kiongozi wako amevuka mpaka.

Lakini ana hoja asiyoisema vizuri. Orodha ya kujichunguza ya Hatua ya 4, ambayo ndiyo husomwa katika Hatua ya 5, kwa mtindo wa Celebrate Recovery (mpango wa Kikristo wa hatua 12), ina safu tano: mtu aliyehusika, alichofanya, kilivyokuathiri, madhara yaliyobaki, na sehemu yako wewe. Kuisoma yote huchukua saa kadhaa. Kwenye foleni ya kitubio Jumamosi una dakika chache, na unaungama dhambi zako tu, yaani safu ya tano. Zile nne zina vinyongo na majeraha, na ndivyo vinavyomrudisha mtu kilabuni. Basi mwombe padri miadi ya saa mbili au tatu, mwambie mapema ni Hatua ya 5, kisha umalizie kwa kitubio. Au msomee mdhamini orodha nzima, halafu uende kwa padri kupata maondoleo. Kumbuka tofauti moja: siri ya kitubio padri hawezi kuivunja kwa sababu yoyote, ya mdhamini ni ahadi tu. Kama kuna jambo linaloweza kukufikisha mahakamani, lipime kabla hujafungua mdomo.

Hilo la "mimi ni mlevi" ni zito zaidi. AA hujitambulisha hivyo. Celebrate Recovery, iliyoanza mwaka 1991 katika kanisa la Saddleback huko California, humtambulisha mtu kama mwamini anayepambana na jambo fulani. Chini yake kuna swali la teolojia: aliye "kiumbe kipya" (2 Wakorintho 5:17) amebaki na nini cha utu wa kale? Kanisa lako linafundisha kwamba mwelekeo wa dhambi hubaki hata baada ya ubatizo. Wengi wa wenzako wanaamini kifungo kimeshakatwa. Hamtalimaliza hilo kwenye kikao cha jioni, wala hampaswi kujaribu. Chagua sentensi unayoweza kuisema bila kudanganya: "Naitwa fulani, napambana na pombe." Hiyo haimkwazi mtu.

Tunachokiogopa sisi ni yule anayesema "nimefunguliwa kabisa" kwa kuwa wote wanasema hivyo. Siku akiteleza, kuanguka kwake kunageuka ushahidi kwamba hakuwa na imani. Anaona haya kurudi, anaendelea kunywa peke yake.

Mwombe kiongozi asimamie kanuni za kushirikishana: kila mtu dakika 3 hadi 5, azungumze kwa "mimi", asijibiwe, asirekebishwe. Mabishano ya mafundisho karibu kila mara huingia kupitia mlango wa kujibiwa. Ila ukiambiwa ubatizwe upya ndipo uendelee, ukikatazwa Misa, au ukisikia siri zako zimegeuzwa mfano wa mahubiri, hapo ondoka wiki hiyohiyo, ukiwa umeshapata kikundi kingine.

SWALI: Na divai ya meza ya Bwana? *Msomaji, Moshi*

JIBU: Pokea mkate peke yake. Kwa Wakatoliki, umbo la mkate tu ni komunyo kamili. Kwa Walutheri na Waanglikana, zungumza na mchungaji kabla ya ibada, si ukiwa umepiga magoti. Kuchovya mkate kwenye divai si njia ya kukwepa. Ladha inabaki mdomoni.

SWALI: Kikundini kwetu mwenzetu anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kliniki. Wazee wa kanisa wanasema huko ni kubadilisha sanamu, aache na aombewe. Wengine tunapinga. Nani yuko sahihi? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Aombewe, na asiache. Hapa hakuna pande mbili za kuheshimiana. Methadoni ikikatwa ghafla, arosto (mateso ya kukosa dawa) huanza ndani ya siku moja hadi tatu na huweza kudumu wiki kadhaa, muda mrefu kuliko ya heroini. Wakati huohuo mwili unapoteza uvumilivu wake, hivyo akirudia kete ya heroini kwa kipimo cha zamani anaweza kuacha kupumua. Anayetaka kutoka kwenye methadoni hupunguziwa kidogo kidogo na kliniki, kwa miezi.

Akianza kutetemeka na kutoka jasho ingawa hajakosa dozi, msikimbilie kukemea pepo. Muulizeni kama ameanza dawa za kifua kikuu. Rifampisini hushusha kiasi cha methadoni mwilini, na baadhi ya dawa za VVU hufanya vivyo hivyo. Kliniki itaongeza dozi. Na kama amekosa siku tatu mfululizo, asinywe kipimo chake cha kawaida popote atakapokipata. Arudi kliniki aseme ukweli, waanze naye chini.

Na kwa wanaoacha sasa hivi pombe nyingi ya kila siku, mfungo mkavu (bila kula wala kunywa) usubiri. Degedege huja kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho, na kuweweseka siku ya pili hadi ya nne. Siku hizo ni za hospitali, na mwombaji anaweza kukaa kando ya kitanda.