Muulize, mwanangu

Malindi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma baada ya swala ya alfajiri, na sikutaka kukujibu kwa maneno mawili ya simu. Umefurahi kupokewa kujitolea katika huduma ya ushauri nasaha kwa simu huko Mombasa, lakini jambo moja la mafunzoni limekukaa kooni. Mmeambiwa kwamba mpigaji akionyesha amechoka na maisha, mumuulize waziwazi kama anawaza kujiua. Unaniuliza: "Mama, si nitakuwa nimemtia wazo ambalo hakuwa nalo? Na mtu mzima nitamtamkiaje neno hilo?"

Muulize. Wazo hilo humtii wewe. Kama lipo, lilikuwapo kabla hajashika simu, pengine amelala nalo wiki nyingi peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema bila kuzunguka kwamba kuzungumza waziwazi juu ya kujiua hakumsukumi mtu kujiua, bali kunaweza kumpa nafasi ya kufikiri upya.

Ila swali liulize sawasawa. Usiseme, "Huwazi mambo mabaya, sivyo?" Hapo umeshampa jibu, naye kwa adabu atakuitikia, "La, hasha," kisha atakata simu na mzigo wake. Sema kwa sauti ile ile uliyokuwa ukizungumza naye: "Kwa haya unayonieleza, umefikia kuwaza kujiua?" Kisha nyamaza. Kimya hicho utakiona kirefu, usikijaze. Akiwa mkubwa kwako, mwamkie shikamoo yake, mwite baba au mama, mpe heshima yote, halafu muulize vile vile.

Watu wetu hawatalitaja wao kwanza, nawe unalijua hilo. Watakwambia, "Nimechoka na dunia," au "Bora nipumzike," au "Wanangu wataishi vizuri nikiondoka." Mwingine atakuhusia deni lake lilipwe na nani. Ni mvuvi ambaye kusi imemfungia nje ya bahari na deni la injini linamngoja. Ni kijana wa hoteli aliyeachishwa kazi watalii walipoondoka. Ni mama ambaye mwanawe ameingia kwenye unga wa kulevya na kila kukicha kitu kimetoka nyumbani kikauzwa. Wako hapa hapa kwetu, Shela, Maweni na Barani, na karibu wote husema kwa kupindisha. Tukizungumzia sukari na presha, sote tunajua kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye maradhi ya moyo uliokata tamaa tunafunga dirisha, majirani wasisikie.

Na walikuwa na sababu ya kuogopa. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hata ndugu wakaogopa kumpeleka hospitali wasije wakaitiwa polisi. Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba. Mpigaji akikuuliza, "Nikikwambia si nitafungwa?" mweleze hivyo kwa upole. Hofu ya zamani haitoki kwa siku moja.

Juu ya dini, mwanangu, najua moyo wako utataka kumkumbusha kwamba ni haramu. Analijua, amefundishwa chuoni kama ulivyofundishwa wewe, na pengine hiyo aibu ndiyo inayomzidishia kiza. Aya ya 29 ya Suratun Nisaa inakataza kujiua, na inamalizia kwa kutaja huruma ya Mwenyezi Mungu kwetu. Wewe anzia kwenye huruma.

Nikupe habari moja. Mwaka 1935 huko Uingereza kasisi kijana, Chad Varah, alimzika binti mdogo aliyejiua. Binti alikuwa amevunja ungo, akadhani ameshikwa na ugonjwa wa aibu, na hakuwa na wa kumuuliza. Kila nikiikumbuka habari hii nawaza kwamba angezaliwa kwetu angekuwa na somo wake, wa kumkalisha chumbani na kumwambia ni jambo la kawaida. Yule kasisi hakumsahau. Mwaka 1953 alifungua huduma ya simu katika kanisa lake jijini London, ndiyo Samaritans. Watu walikuja wengi, akaweka watu wa kawaida wa kujitolea wawape chai wageni wakingoja zamu. Akaona wengi wakishakunywa chai na kusikilizwa hawamhitaji tena. Mwaka uliofuata akawaachia kazi hao wa kujitolea. Kwa hiyo usijione mdogo kwa kuwa huna shahada ya saikolojia. Waliosomea wapo, na kazi yao ni yao. Yako ni kumsikiliza mtu mpaka aweze kuwafikia.

Mimi niliyajua haya mwaka 2023, balaa la Shakahola lilipotufika. Maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa msituni, watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka kufa. Msalaba Mwekundu waliweka meza katika hospitali yetu ya Malindi ya kupokea waliopotelewa na jamaa, nasi wengine tukaenda kukaa nao. Hatukuwa na la kuwapa. Yupo aliyeuliza swali lile lile kila alipokuja, nami nikamjibu vile vile kila mara, nikamletea maji. Hapo ndipo nilipoona kwamba mtu aliyefikwa hatafuti maneno mazuri. Anataka mtu asiyeondoka.

Sasa, akikujibu "Ndiyo," usimhubirie wala usimwambie afikirie watoto wake. Mshukuru kwa kukuamini. Muulize yuko wapi, nani yuko karibu naye, na kama ameshaandaa njia. Kama ameiandaa, mwombe aiweke mbali au ampe mtu wakati bado mnazungumza, na umwite msimamizi wako papo hapo. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie mapema kwamba uhai wake ukiwa hatarini utaomba msaada. Namba yako mwenyewe usimpe. Mpe za huduma zenyewe, na 1199 ya Msalaba Mwekundu, ambayo haina malipo.

La mwisho, pwani hii ni ndogo. Itafika siku utaijua sauti ya mpigaji. Mweleze, umpe nafasi ya kuzungumza na mwenzako akitaka, na mkikutana harusini usimwangalie kwa jicho la kumjua. Watu watapiga simu iwapo wataamini kwamba hawatavunjiwa sitara yao.

Ukimaliza zamu yako ya kwanza nipigie, hata ikiwa usiku wa manane. Usinieleze aliyepiga wala alichosema. Nieleze wewe umeshindaje, na umekula nini.

Wasalaam,
Mamako