Re: Kaanza kupigwa yeye, bado ana kesi?

Mkuu, unauliza kama mdogo wako yuko salama kwa vile yule mpiga debe wa stendi ya Moshi ndiye aliyeanza kumpiga kofi. Kuanza kupigwa pekee hakutoshi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaruhusu kujihami, kumtetea mwingine, hata kulinda mali, ila kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika. Ukizidisha unashtakiwa, mtu akifa kwa nguvu iliyozidi, ni kuua bila kukusudia.

Sasa soma ulichoandika mwenyewe. Kofi, dogo akamsukuma, jamaa akaanguka. Mpaka hapo anajitetea vizuri tu. Lakini jamaa yuko chini, kashika kiuno, ndipo dogo anaokota spana na kumvunja mkono? Hatari ilishapita, huko ni kulipiza kisasi. Ningekuwa upande wa pili ningeng'ang'ania hiyo spana mwanzo mwisho.

Kama dogo naye aliumia, achukue PF3 (fomu ya polisi ya kupelekea hospitali) akatibiwe. Mashahidi watafuteni leo, watu wa stendi hawatulii sehemu moja. Na asiandike maelezo kabla ya kuonana na wakili. Hela ikigoma, ulizieni msaada wa kisheria, upo kwa sheria ya 2017.