Re: Albendazoli haimalizi minyoo ya ini, nitumie nini?

Ndugu, umesema umewapa albendazoli ng'ombe wanaolisha bondeni, na baada ya wiki sita uvimbe chini ya taya, dalili ya minyoo ya ini, umerudi. Dawa huenda si feki. Albendazoli inaua minyoo ya ini iliyokomaa tu. Minyoo michanga inayotoboa ini inabaki na kuendelea kukua. Halafu angalia kipimo: kwa minyoo ya tumbo ni miligramu 7.5 kwa kilo, kwa ya ini ni 10. Kwa minyoo ya ini, dawa yenye nguvu ya 10% ni mililita 10 kwa kila kilo 100, ya 2.5% ni mililita 40. Wengi hukosea hapa, tena kwa kukadiria uzito kwa macho. Tumia utepe wa kupima mzunguko wa kifua, unaoonyesha uzito. Usimpe albendazoli ng'ombe mwenye mimba changa.

Dawa nyingine, triklabendazoli, miligramu 12 kwa kilo, ndiyo inayofika hadi michanga ya wiki mbili hivi. Kwako ningeanza nayo, ila si kwa ng'ombe anayekamuliwa. Huyo mpe oksiklozanidi: inaua iliyokomaa tu, lakini maziwa yanasubiri muda mfupi kabla ya kutumika, soma lebo. Nitroksinili ya sindano iko katikati: inaua iliyokomaa na baadhi ya michanga, nayo haifai kwa wa maziwa.

Ivomeki (ivermektini) ya kawaida au levamisoli pekee haigusi minyoo hii kabisa.

Rudia baada ya wiki 8 hadi 12, na wanyweshe kwenye birika: ukingo wa bwawa ndipo wanapoambukizwa upya kupitia konokono wanaobeba minyoo hii.